Deni la masomo lisimfungie mlango aliyerudi

Maneno ya watumishi wa shirika saidizi mbele ya mkutano wa wanamemba na wafadhili, Bulengera

Tunajua mama wengi wameachia jirani meza zao sokoni, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Leo muungano utapiga kura juu ya mfuko wa dhamana kwa vijana wetu wenye madeni ya masomo. Tumesikia wengine wanasema, "Wanataka tufute madeni ya watoto wa watu." Hapana. Tunaomba deni lihesabiwe vizuri, lipunguzwe pale penye haki ya kupunguzwa, na muungano usimame nyuma ya kijana anapoahidi kulipa lile linalobaki. Kabla ya kura, tuwaelezee kesi tuliyoanza nayo, na makosa tuliyofanya sisi wenyewe.

Mama alikuja na bahasha

Mama mmoja wa hapa kwetu Bulengera, mwanamemba kama ninyi, alikuja ofisini na bahasha ya kaki. Akatuambia: "Wanangu, mutoto yangu amerudia. Namushukuru Mungu. Lakini kule univerisite wanasema iko na deni, na bila kulipa hawawezi kumupatia karatasi ya pointi. Sasa nifanye nini?"

Mtoto wake aliingia univerisite mwaka wa masomo 2022-2023. Mnakumbuka wakati ule. Tarehe 3 mwezi wa 11, 2022, Rais Félix Tshisekedi aliita vijana wajiandikishe katika jeshi, kwa sababu ya vita ya M23. Katika miji mingi vijana walipanga mistari. Wengine walipelekwa Kitona, wengine Kamina, na wenye diploma walikuwa wanaota chuo cha maofisa kule Kananga. Hapa kwetu watu wamezika ndugu zao tangu mauaji ya Beni yalipoanza mwezi wa 10, 2014. Kijana kusikia wito ule na kukaa tu haikuwa rahisi.

Huyu wetu alimaliza mitihani ya semesta ya kwanza, na wiki mbili baada ya semesta ya pili kuanza, mwezi wa 3, 2023, akaondoka. Alikubaliwa katika chuo cha kijeshi. Hatutataja ni kipi. Alikaa karibu mwaka mmoja. Kisha kifua chake kikaharibika, madaktari wakasema mazoezi yale hayawezi, akaachishwa kwa sababu ya afya na akapewa karatasi yake ya kutoka. Hakutoroka na hakufukuzwa. Lakini aliporudi katika katiye, mnajua midomo yetu. Wengine walimwita mtoro. Wengine walisema, "Alifikiri atarudi na nyota mabegani." Akaanza kutembea jioni tu.

Alipopata nguvu alienda univerisite kuomba karatasi ya pointi za ile semesta aliyomaliza, ili aendelee. Mtunza feza akafungua kitabu, akamwonyesha: dolari 320.

Hebu fikirini dolari 320 mkononi mwa mama anayeuza sombe na mafuta ya ngazi kwa vipimo vya kikombe. Likelemba yake ya mwezi haifiki hata sehemu ya kumi ya ile feza. Alikuwa tayari kuweka shamba rehani, lile la upande wa kijiji walilolikimbia na ambako walikuwa wameanza kupanda tena. Ndiyo sababu alikuja na bahasha: ndani mlikuwa karatasi za shamba.

Barua ya kwanza ilikataliwa, na ilistahili kukataliwa

Tulimwambia asiweke shamba rehani, tutaandika barua. Na sisi wasomi tukaandika barua ndefu. Tulieleza vita, tulieleza umasikini, tulieleza haki ya masomo. Tuliandika kwamba kijana aliitikia wito wa taifa, kwa hiyo univerisite imsamehe deni lote.

Jibu lilifika kwa mistari minne. Hapana.

Tulikasirika. Kisha mmoja wetu akasema twende tumwone mtunza feza uso kwa uso, bila karatasi. Yule baba alitupokea vizuri, akatuuliza: "Ninyi munafikiri hii feza inaenda wapi? Walimu wangu wengi hawana mshahara wa serikali. Wanakula hii minervali. Nikifuta dolari 320 za huyu, kesho wako kumi na tano kwenye mlango, na kila mmoja iko na vita yake." Hatukuwa na jibu. Alikuwa na haki. Sisi tulikuwa tunaomba mwalimu mwenye njaa amlipie mwanafunzi mwenye njaa.

Lakini kabla hatujaondoka tulimwomba kitu kidogo: atuonyeshe hizo 320 zimetoka wapi. Akatuonyesha. Na hapo ndipo tulipojifunza kazi.

Mafungu matatu

Minervali ya mwaka ilikuwa dolari 400. Kijana alikuwa amelipa 120 mwanzoni. Zikabaki 280. Juu yake wakaongeza faini ya kuchelewa, 40. Jumla 320. Katika kitabu ni hesabu moja. Lakini ndani yake mna mafungu matatu, na kila fungu liko na maneno yake.

Fungu la kwanza ni masomo aliyoyapata. Semesta ya kwanza yote alikaa darasani, walimu walimfundisha, walimsahihishia mitihani. Nusu ya 400 ni 200. Alilipa 120. Anabaki na 80. Hizi ni deni la kweli. Hakuna kuomba huruma hapa. Mtu akikula, analipa.

Fungu la pili ni masomo ambayo hakuyapata. Semesta ya pili, dolari 200. Alihudhuria wiki mbili tu. Hapa kuna nafasi ya kuongea, na si kuongea kwa machozi. Tangu univerisite za inchi yetu zilipoingia katika mpango wa LMD, mwaka wa masomo 2021-2022, masomo yanahesabiwa kwa semesta na kwa kredi: mwaka mzima kredi 60, semesta moja kredi 30. Kama masomo yanahesabiwa kwa semesta, tuliuliza kwa heshima, kwa nini deni la mtu aliyeondoka lihesabiwe kwa mwaka mzima? Lakini tulikubali pia kwamba univerisite ilimwekea nafasi, ilimwandika kwenye orodha, ilipanga walimu kwa kuhesabu kichwa chake. Hasara ilikuwapo.

Fungu la tatu ni faini, dolari 40. Faini ni fimbo ya kumfukuza mtu anayechelewa kwa uvivu. Huyu hakuwa mtaani akichezea feza ya minervali. Alikuwa katika kambi, na tarehe zake ziko katika karatasi yenye muhuri.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Fungu la kwanza tunalipa lote. Fungu la pili tunaomba nusu. Fungu la tatu tunaomba liondolewe. Kwa hiyo 80 na 100, jumla 180, kwa miezi sita, dolari 30 kila mwezi. Chini yake watu watano wa muungano huu walitia mkono kwa majina yao: akishindwa, sisi tutalipa. Na tukaomba kitu kimoja zaidi: akimaliza malipo matatu, apewe karatasi ya pointi, asingoje ya sita.

Walikubali. Kutoka 320 hadi 180. Shamba la mama liko salama.

Hatuwadanganyi. Malipo manne yalifika kwa wakati. La tano halikufika. Zilipita siku tisa, simu yake imezimwa. Tulimkuta penye kituo cha moto, anaendesha moto ya mtu mwingine. Alikuwa na aibu, kwani mama aliugua na feza ilienda kwenye dawa. Wale watano walikusanya dolari 30 wakalipa siku ileile, na yeye akawarudishia kumi, kumi, kumi. Malipo ya sita alilipa mwenyewe. Sasa yuko darasani.

Hata kwingine wanatenganisha

Kuna mtu atasema hii ni akili ya Butembo ya kubishana bei. Sawa, sisi ni watu wa biashara, hatukatai. Lakini tutazame majirani.

Tanzania na Kenya wanafunzi wengi wanakopeshwa na serikali. Kenya wana bodi yao, HELB, tangu 1995. Tanzania wana yao, HESLB. Kule kijana akimaliza anadaiwa na serikali, na wengi wanalia sawa na sisi. Lakini tarehe 1 mwezi wa 5, 2021, sikukuu ya wafanyakazi, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondoa ile asilimia 6 iliyokuwa inaongezwa kila mwaka juu ya deni la wanafunzi wa Tanzania. Mkopo wenyewe ulibaki. Kilichoondoka ni nyongeza. Kenya nao HELB imewahi kusamehe faini kwa wale waliokuja kulipa deni lao lote. Ni mafungu yaleyale: masomo lipa, fimbo iwekwe chini.

Na vyuo vya kijeshi? Kule Marekani, katika chuo cha maofisa cha West Point, mwanafunzi anayeondoka ndani ya miaka miwili ya kwanza hadaiwi kitu. Akianza mwaka wa tatu, hapo ameweka ahadi. Akiondoka baadaye anaweza kutakiwa kutumika kama askari wa kawaida au kurudisha gharama za masomo. Ni sheria kali, lakini tarehe inajulikana tangu mwanzo na kila mtu anajua mstari uko wapi. Sisi hapa hatuna bodi ya mikopo inayomfikia mtoto wa Bulengera. Deni letu liko katika kitabu cha shule, kati ya mzazi na mtunza feza, na mstari haujaandikwa popote. Kwa hiyo tunaubishania kila mara upya, kila familia peke yake, na mara nyingi mama aliyesimama mlangoni anaogopa hata kuuliza hesabu imetoka wapi.

Maswali mliyotuuliza katika katiye

La kwanza: "Aliondoka mwenyewe. Kwa nini tusimame naye?" Ni kweli, aliondoka mwenyewe. Na ndiyo sababu analipa mwenyewe dolari 180. Sisi tumesimama tu ili yale aliyolipa tayari na yale aliyosoma yasipotee. Kumbukeni: pointi za semesta nzima zilikuwa zimefungwa kabatini. Bila ile karatasi angeanza upya kutoka sifuri, kwa minervali nyingine ya dolari 400. Ni nani kati yetu angeitoa?

La pili: "Na watoto wetu ambao hawakwenda jeshini, wao hawana madeni?" Wako nayo, tena mengi. Tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa mwezi wa 6, 2024, watu wa Lubero ya kusini wamekimbilia kwetu, na watoto wengi waliacha buletini zao nyuma. Shule ya msingi ya serikali ni bure, ndivyo kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinavyosema, na tangu mwezi wa 9, 2019 imeanza kutendeka. Lakini sekondari tunalipa, na univerisite tunalipa. Kwa hiyo mpango huu si wa waliotoka jeshini peke yao. Tumeanza nao kwa sababu wanaona aibu, hawaji kuuliza, na wanapokosa mlango wa shule kuna mlango mwingine uliofunguliwa kwao usiku na mchana. Kila kundi lenye silaha katika misitu yetu linamtaka kijana anayejua tayari kushika bunduki.

Hapa tunapaswa kukiri jambo. Wakati tulipokuwa tunaandika ile barua ya kwanza mbaya, tulikuwa na kijana wa pili. Deni lake lilikuwa dogo kuliko la huyu. Tulimwambia angoje, tunatafuta bajeti, tutamwita. Faili lake lilikaa kabatini kwetu miezi miwili. Siku tulipomwita, dada yake alipokea simu akasema, "Alirudia msituni wiki tatu zilizopita." Hatujui kama angebaki kwa ajili ya barua. Lakini tunajua kwamba hatukuiandika. Na haikuhitaji bajeti. Ilihitaji ukurasa mmoja na mtu wa kwenda naye.

La tatu: "Tukisaidia waliotoka jeshini, hatutajiletea matatizo na sheria?" Swali zuri. Kuacha jeshi bila ruhusa ni kosa, na Sheria ya adhabu za kijeshi ya tarehe 18 mwezi wa 11, 2002 inaliadhibu. Kwa hiyo mtu mzima asiye na karatasi ya kutoka, muungano hautamwandikia shule barua ya dhamana. Tutamtafutia kwanza mwanasheria, ajue amesimama wapi. Aliyetoka katika kundi lenye silaha tutampeleka kwa mpango wa serikali wa kuweka silaha chini, ule wa P-DDRCS uliowekwa mwaka 2021.

Lakini mtoto ni kitu kingine kabisa. Aliye chini ya miaka 18 hakuwa askari mtoro. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1, 2009, kifungu cha 71, inakataza kumwingiza mtoto katika jeshi, katika kundi lenye silaha au katika polisi. Basi mwenye kosa ni yule aliyemchukua. Mtoto wa namna hiyo akirudi na shule inamdai, tutamsimamia bila kumwuliza karatasi ya kijeshi. Na hatutaandika katika barua kwamba alikuwa msituni. Tutaandika tarehe aliyoacha darasa na tarehe aliyorudi, basi. Yale aliyoyaona si mali ya sekretere wa shule.

Jinsi ya kuomba

Kwa wazazi ambao hawatangoja mfuko, haya ndiyo tuliyojifunza.

Nenda mapema. Deni la mwezi mmoja linaongelewa, deni la miaka mitatu linapigiwa kelele. Kabla ya kuomba kupunguziwa, omba kuonyeshwa hesabu kwa maandishi: minervali ya mwaka ni ngapi, kilicholipwa ni ngapi, faini ni ngapi. Tafuta bordero zote za benki na risiti, hata zilizochakaa, toa kopi. Weka karatasi inayoonyesha tarehe: ya kutoka jeshini, ya hospitali, au ya shefu wa katiye kwa familia zilizokimbia.

Andika ukurasa mmoja. Taja unachokubali kulipa kabla ya kutaja unachoomba. Weka tarehe za malipo unazoweza kweli, si zile zinazofurahisha macho. Mama aliyezoea kupata feza siku ya soko asiahidi kulipa katikati ya wiki. Omba jibu kwa maandishi, na kopi ya barua yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Usimwendee mtunza feza peke yako kama unaogopa. Nenda na mtu mmoja wa muungano, si kundi la watu kumi kama mnaenda kupigana.

Na mzazi, tafadhali, nenda na kijana mwenyewe. Deni ni lake. Akae palepale asikie namba, aseme kwa mdomo wake, "Nitalipa." Yule wetu alipotamka hilo mbele ya mtunza feza, yule baba aliweka kalamu chini akamtazama kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi wake.

Tunachoomba leo

Kwanza, kwa wanamemba. Wale watano waliotia mkono hawawezi kutia mkono kwa kila mtu. Katika daftari letu sasa kuna majina 11 yanayongoja. Tunaomba mfuko wa dhamana: kila mwanamemba franga 1.000 kwa mwezi, ziwekwe peke yake, zisichanganywe na feza za matanga wala za ugonjwa. Mfuko haumlipii kijana deni. Unalipa tu mwezi ule anaposhindwa, na yeye anaurudishia. Hakuna kijana atakayedhaminiwa zaidi ya dolari 200. Akishindwa mara tatu bila kuja kujieleza, dhamana inakoma, na tunaenda kumwambia mtunza feza sisi wenyewe, ili neno la muungano lisichafuke. Neno hilo ndilo mali yetu. Siku shule zitakapoacha kuliamini, hata kijana mwaminifu atakosa mlango.

Pili, kwa wafadhili. Mara nyingi mnatuuliza mlipie nini. Mtoto akipigwa picha na daftari jipya inapendeza, lakini deni la zamani halionekani katika picha. Tunaomba muweke mbegu katika mfuko huu, mara moja, na mtusaidie gharama za kopi na usafiri. Hakuna feza itakayopita mkononi mwa kijana wala mkononi mwetu: malipo yote yatakwenda benki kwa jina la shule, na bordero itabaki kwa mtunza hazina wa muungano. Kila miezi mitatu gazeti hili litaandika ni wangapi wamedhaminiwa, wangapi wamelipa, wangapi wameshindwa. Walioshindwa pia tutawaandika, bila majina.

Tatu, kwa wakubwa wa shule na univerisite ambao karatasi hii itawafikia. Tunajua walimu wenu wanaishi na minervali, na hatutakuja kuwaomba mwalimu alale njaa. Tunawaomba mandike mstari. Mwanafunzi akiondoka katikati ya mwaka, anadaiwa hadi wapi? Faini inasimama lini? Mstari ukijulikana, ninyi mtapata feza yenu bila kelele, na sisi tutajua tunadhamini nini.

Na nne, kwa sisi wote wa katiye. Hii haina gharama hata franga moja. Kijana akirudi, awe ametoka chuo cha maofisa au ametoka msituni, tumwite kwa jina lake. Wazee wetu katika kyaghanda walikaa na mtu aliyekosa, wakamsikiliza hadi mwisho ndipo wakasema. Huyu wetu alituambia kwamba dolari 320 zilimwogopesha, lakini kilichomfungia ndani ni lile neno mtoro. Mfuko utasaidia kulipa deni la shule. Lile neno tuliache leo hapa, kila mtu kwa nafsi yake.

Karatasi za kura ziko kwa sekretere. Majina 11 yako katika daftari, na mwaka mpya wa masomo haungoji.